Rangi Ambayo Haijakomaa

Kalangalala, Geita
3 Juni 2024

Mama Tanvir, shikamoo.

Mkwaruzo, kwa maana nitakayoishika katika barua hii, ni kitu kilichoongezwa juu ya rangi: raba ya kandambili, bati la sinia, mafuta ya mkono. Mchubuko ni kitu kilichoondolewa: rangi imetoka, pengine hata mti umeonekana. Mafundi wengi huyaita yote mawili "alama" na kuyatibu yote kwa brashi. Ndiyo maana kazi yao haimalizi miaka miwili.

Barua yako iliyokuja na basi la Jumamosi inasema tu kwamba "mbao za ndani zimeharibika" na kwamba unataka rangi itakayodumu. Ni miaka kumi na mmoja tangu nipake milango yako, nikiwa bado mwalimu wa upakaji rangi chuoni, nawe ukiwa bado nyuma ya kaunta ya duka lako la dawa. Naikumbuka nyumba, lakini siwezi kuitibu kwa kumbukumbu. Naomba mambo manne.

Kwanza, futa kila alama kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Inayotoka ni mkwaruzo. Inayobaki, pitisha ukucha: ukucha ukizama, ni mchubuko. Pili, pima kila alama iko sentimita ngapi kutoka sakafuni, na upande gani wa mlango. Tatu, lowesha pamba kwa spiriti, sugua mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka na rangi, juu kuna rangi ya maji. Ikibaki safi, ni ile yangu ya mafuta. Nne, niambie kama kifua chako kinastahimili harufu.

Niandikie, usinipigie. Hapa nilipo makarasha yanasaga mawe tangu alfajiri, na kwenye simu saba husikika kama tisa.

Nimeshikwa na milango thelathini na miwili ya nyumba ya wageni. Wachimbaji wanaingia na gambuti na tindo, na ninachokipaka Jumatatu huchubuliwa Jumatano. Sijui kwa nini nakueleza hili. Labda kwa sababu nimechoka kurekebisha kitu ambacho hakipewi nafasi ya kukauka.

Wako,
Fundi Januari


Shinyanga Mjini
10 Juni 2024

Fundi Januari, marahaba.

Nimefurahi kwamba umeanza kwa maana ya maneno. Kwa miaka thelathini na minne niliwarudisha wateja waliosema "nipe ile dawa nyeupe". Ingekuwa aibu mimi mwenyewe kuomba rangi kwa namna hiyo.

Nimepima kwa utepe wa fundi cherehani. Mlango wa sebuleni: kwenye miimo, zile mbao mbili za kusimama za fremu, mikwaruzo minane kushoto na mitatu kulia, yote kati ya sentimita tisini na moja na tisini na saba. Mlango wa jikoni: michubuko mitano, kushoto tu, sentimita tisini na nne. Chini ya miimo hiyo hiyo kuna alama nyeusi, sentimita nne hadi saba. Mabamba ya milango yenyewe hayana kitu. Alama zote ni changa: tarehe moja Mei nilifuta mbao zote kwa mkono wangu, na hapakuwa na alama hata moja.

Sababu ni viti, ambavyo husogezwa ovyo, na sinia la Sikujua, mama anayenisaidia kazi za nyumba. Ni mtu mwaminifu, ila hupita mlangoni kama anayefukuzwa.

Kuhusu pamba: sebuleni ilibaki safi, jikoni ilitoka nyeupe. Naungama. Mwaka juzi nilimwita Enock, fundi wa mtaa wa pili.

"Mayu, mama yangu, rangi ya mafuta ya nini?" akaniambia. "Itakunukia wiki nzima. Hii ya maji inakauka kabla chai yako haijapoa."

"Na itashika juu ya ile ya zamani bila msasa?"

"Itashika! Si rangi kwa rangi? Ni ndugu hao."

Ndugu hao wameachana. Sasa naibandua kwa ukucha kama utando wa maziwa.

Nina haraka, na sababu yake ni hii. Mwanangu Tanvir anakuja kutoka Dar es Salaam tarehe ishirini Julai. Anasema anakuja kunisalimia, lakini anakuja kukagua. Tangu baba yake afariki anataka nifunge nyumba hii nikaishi kwao Upanga, ghorofa ya nne. Anasema nyumba imezeeka nami nimezeeka, na hutamka hayo mawili kwa pumzi moja. Nataka kumalizia maisha yangu hapa. Kwa hiyo nyumba imjibu kabla mimi sijafungua kinywa.

Kifua changu ni kizima. Nina presha, iligunduliwa mwaka jana. Naitibu asubuhi na jioni kwa saa ile ile na sijakosa dozi.

Dolatkhanu Kanji


Kalangalala, Geita
17 Juni 2024

Mama Tanvir, shikamoo.

Pamoja na barua hii kuna vibao vitatu vya mninga, vyenye namba mgongoni. Kibao cha kwanza kina rangi ya mafuta yenye mng'ao kamili. Ni ngumu kuliko zote, lakini ukumbi wako hauna dirisha, na nyeupe ya mafuta ikikosa mwanga hugeuka njano kama jino. Tena mng'ao mkali huonyesha kila bonde la msasa. Kibao cha pili kina rangi ya maji iliyotengenezwa mahususi kwa mbao, yenye gundi ngumu na mng'ao wa nusu. Hii haigeuki njano na inafutika kwa sabuni. Usiichanganye na ile ya Enock, ambayo ni ya ukuta. Ukuta haupigwi na mtu anayepita, mwimo unapigwa. Kibao cha tatu ni kama cha pili, ila kimefifishwa mng'ao: kinapendeza machoni lakini kinashika uchafu. Vijaribu kwa ukatili. Kibao ambacho hakijapigwa hakijasema kitu.

Jikoni lazima yote ya Enock ikwanguliwe. Kwingine: msasa namba mia na ishirini kwenye kingo za mchubuko mpaka kidole kisihisi ngazi, puti ya kujaza shimo, msasa laini, praima ya kushikisha rangi, kisha mikono miwili ya rangi.

Sasa jambo linaloninyima raha. Rangi hukauka mara mbili. Kukauka kwa kwanza ni kwa kidole, saa mbili tu. Kukauka kwa pili mafundi tunakuita kukomaa, nako huchukua siku thelathini. Kabla ya hapo rangi inaonekana ngumu na si ngumu. Tukianza tarehe moja Julai, Tanvir ataikuta na wiki mbili tu. Itapendeza, lakini haitastahimili.

Na jambo la pili, ambalo ni la kiufundi. Viti vyako vya chakula navikumbuka: migongo yake ilipita sentimita mia moja, na mti wake ulifunikwa kitambaa. Haviwezi kuchora alama katika tisini na nne. Sinia hubebwa mbele ya tumbo. Lingegonga miimo yote miwili sawasawa, lakini alama zako ziko zaidi kushoto. Sikujua ana urefu gani? Hutumia zaidi mkono upi? Nikijua kinachogonga, nitajua rangi ya kukikabili.

Kuhusu presha, nakushauri kwa heshima upunguze chumvi, na siku za kupaka rangi ukakae kwa jirani.

Wako,
Fundi Januari


Shinyanga Mjini
23 Juni 2024

Fundi Januari, marahaba.

Nimevijaribu vibao kwa kisigino cha kiatu, ukingo wa sinia, na bangili. Cha kwanza kimestahimili ila kinanikodolea macho. Cha tatu kilichafuka kwa mguso wa kwanza. Nachagua cha pili, nyeupe ya maziwa, milango na miimo yote, sare.

Urefu wa Sikujua hauingii katika hesabu ya rangi. Niliomba rangi, sikuomba uchunguzi. Mteja akija dukani kwangu na cheti cha daktari nilimpa dawa. Sikumfuata nyumbani kuona ameugulia kitanda kipi.

Ninaomba uje mwenyewe. Sitaki tena mtu wa mtaa huu, anayepaka mkono mmoja na kusimulia nyumba yangu kwa mikono miwili. Kama milango yako thelathini na miwili inaweza kusubiri siku tano, chumba cha uani ni kitupu. Sikujua yuko kwao Didia kwenye mavuno ya pamba tangu mwisho wa Aprili, kwa hiyo hutamsumbua mtu.

Chumvi nimepunguza, kwa kuwa umesema.

Dolatkhanu Kanji


Kalangalala, Geita
8 Julai 2024

Mama Tanvir, shikamoo.

Nimefika salama jana. Naanza na masharti ya rangi, maana ndiyo kazi niliyoitiwa.

Usifute kwa sabuni kabla ya tarehe nne Agosti. Tumia kitambaa kikavu. Usifunge milango kwa nguvu, itagandana na fremu na kubanduka. Alama nyeusi ikitokea, tumia raba ya penseli, taratibu. Kusugua kwa bikaboneti, ile soda ya kuokea, ni kwa baadaye, na kidogo, kwani hula mng'ao. Rangi iliyobaki nimeihifadhi stoo.

Sasa yasiyo masharti.

Uliniandikia kwamba alama zote zilianza baada ya tarehe moja Mei, na kwamba Sikujua yuko Didia tangu mwisho wa Aprili. Niliyasoma hayo mawili ndani ya basi, moja baada ya jingine, nikijiambia pengine kuna mgeni. Hapakuwa na mgeni. Siku ya pili nilikuwa nimepiga magoti mwisho wa ukumbi nikichanganya puti. Ulikuja na kikombe cha chai yangu. Kiwiko chako cha kushoto kiligonga mwimo wa jikoni, nawe bila kugeuza kichwa ukasema, "Samahani, Fundi." Nilikuwa hatua tisa mbele yako, Mama. Ulimwomba radhi mwimo.

Jioni nilipima kwa utepe wangu: kiwiko kilipogonga ni sentimita tisini na nne.

Siku ya nne uliniambia nichukue maji kwenye friji. Mlangoni kulikuwa na vichupa viwili vya dawa ya matone. Mimi si mfamasia, lakini marehemu mama yangu aliyatumia matone hayo hayo kwa miaka sita kule Kahama, na daktari wake aliyaita ya presha ya macho.

Presha ya macho. Uliniandikia "presha", nami nikakushauri kuhusu chumvi! Hukunidanganya hata kwa neno moja. Ulinipa lebo iliyokatwa nusu. Wewe, ambaye uliwarudisha watu kwa kosa hilo.

Ndiyo maana nimeacha stoo kopo moja ambalo hukuliagiza: kahawia iliyokolea. Juu yake nimeandika: "Miimo peke yake. Mama akiamua." Mwimo mweupe kando ya ukuta mweupe hauonekani kwa mtu anayepoteza uwezo wa kuona pembeni. Mwimo wa kahawia unajitangaza. Ni rangi ile ile, inadumu vile vile, na ingekufaa kuliko niliyokupakia. Nilipaswa kukuambia ana kwa ana. Niliogopa, nikapanda basi.

Zungumza na Tanvir.

Wako,
Fundi Januari


Shinyanga Mjini
13 Julai 2024

Fundi Januari, marahaba.

Nakubali kosa la lebo. Sikubali mengine.

Nikueleze kwa usahihi, kwa kuwa unaupenda. Katikati naona kama zamani: nasoma maandishi madogo ya vichupa bila miwani ya nyongeza. Pembeni ndipo dunia inapokatwa, kushoto zaidi ya kulia. Haiwi giza, kama watu wanavyodhani. Haipo, basi, kama vile wewe usivyoona giza nyuma ya kisogo chako. Kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki, nami nayalinda matone.

Nimeishi katika nyumba hii miaka arobaini na sita. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua kumi na nane. Mlango wa uani una ngazi mbili, ya pili ni fupi. Nikienda sokoni, waendesha bajaji wa kona ile wananijua na sauti zao nazijua. Sasa nipeleke Upanga. Ghorofa ya nne, lifti, sakafu inayong'aa, mkwe mwema anayehamisha meza kila mwezi ili nyumba ipendeze. Hapa nitapofuka polepole. Kule nitapofuka siku ya kuwasili.

Tanvir hatajadili hoja hii. Ni mtoto mwenye upendo, na upendo wake hufunga mizigo kwanza, ndipo huuliza. Akisikia neno "macho" nitakuwa ndani ya gari kabla sijamaliza sentensi.

Miimo ya kahawia ni tangazo. Mtu yeyote akiingia atauliza kwa nini. Kopo libaki stoo.

Nawe ubaki kimya. Ulichokijua ulikijua ukiwa kazini kwangu, chini ya paa langu. Nilitunza siri za nusu ya mji huu kwenye droo za dukani, na hakuna aliyewahi kunikumbusha kuzitunza. Mimi nakukumbusha wewe, kwa sababu umeshaonyesha kwamba unapima hata usichoombwa.

Rangi ni nzuri sana. Nilisahau kusema.

Dolatkhanu Kanji


Shinyanga Mjini
23 Julai 2024

Fundi Januari, shikamoo.

Mimi ni Tanvir, mtoto wa Mama Dolatkhanu. Simu yako inaita haipokelewi, nimejaribu mara nne. Kwa hiyo nakuandikia kwa basi, kama nyie wawili mnavyofanya.

Nimefika Jumamosi nikakuta nyumba imekuwa mpya. Nilitaka kufurahi. Ila mtu akipaka rangi nyumba nzima wiki mbili kabla sijafika, baada ya miaka miwili ya kuniambia "nyumba iko sawa tu", najiuliza ilikuwa na nini.

Jumapili asubuhi mwimo wa jikoni ulikuwa safi. Jumapili mchana ulikuwa na mchubuko, umezama kwenye rangi laini, na ndani yake nakshi ndogo ndogo kama za bangili. Nikamwuliza Mama.

"Ni begi lako hilo," akasema.

"Mama, begi langu liko chumbani tangu jana."

"Basi ni wewe mwenyewe. Umenenepa, hupiti tena mlangoni kama watu."

Tulicheka wote. Halafu nikaona kwamba mimi nacheka na yeye anaangalia kama nimeamini.

Jana nilitafuta rangi stoo nizibe ule mchubuko. Nimekuta kopo lenye mwandiko wako: "Miimo peke yake. Mama akiamua." Aamue nini, Fundi? Kwa nini miimo peke yake?

Mama anasema wewe hupima kila kitu. Basi niambie kitu kimoja tu. Kabla ya rangi hii, alama zilikuwa wapi, na kwa urefu gani? Ukiniambia zilikuwa za viti, nitarudi Dar es Salaam peke yangu na sitamsumbua tena. Ukiniambia vingine, nitaondoka naye. Na ukikaa kimya nitajua umekaa kimya.

Tanvir Kanji


Kalangalala, Geita
26 Julai 2024

Ndugu Tanvir, marahaba.

Simu zako niliziona. Sikupokea, kwa sababu sauti yangu haijui kuficha, na barua naweza kuichana. Hii ni ya nne, tatu nimezichana.

Katika ya kwanza nilikuandikia kwamba zilikuwa za viti. Niliisoma nikaona maneno yote ni mepesi na yananyooka, kama rangi ya maji juu ya mafuta. Katika ya pili niliandika ukweli wote pamoja na vipimo. Hiyo ilikuwa sahihi kuliko zote, na haikuwa yangu kuituma. Katika ya tatu nilitoa sababu za kutojibu, nikagundua kwamba kila sababu ni jibu.

Fundi akikataa kutaja kilichokuwa chini ya rangi, mtu mwerevu anajua kwamba kulikuwa na kitu. Siwezi kulizuia hilo, na sitajifanya nimelizuia. Ninachokikataa ni kuwa mimi wa kukitaja. Alama zilipimwa na mwenye nyumba, kwa utepe wake, akaziandika kwa mkono wake. Mwulize yeye. Usiulize ukiwa umesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Uliza ukiwa umeketi, na ukishauliza, subiri.

Nakala ya barua hii pamoja na ya kwako namtumia yeye kwa basi hili hili. Asije akadhani tumezungumza nyuma yake.

Mchubuko wa jikoni usiuzibe bado. Rangi haijakomaa, ukipaka sasa utafunga unyevu ndani.

Fundi Januari


Shinyanga Mjini
2 Agosti 2024

Fundi Januari, marahaba.

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu niliisoma nakala yako mara ya pili na kuona kwamba hukuvunja kimya. Ulinirudishia mimi nikivunje. Sijaamua kama huo ni uaminifu au ni woga wenye adabu. Nitakujulisha.

Nilimwambia Jumatatu, baada ya chakula cha mchana. Nilimpa lebo nzima: jina la ugonjwa, jicho la kushoto kiasi gani, la kulia kiasi gani, tarehe ya kwanza ya matone, jina la daktari wa Mwanza. Nilimwambia pia hoja yangu ya kupofuka polepole, neno kwa neno, maana nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwako.

Hakufunga mizigo. Hilo sikulitarajia, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kwa vita ambavyo havikuja. Alichukua gazeti, akakunja karatasi mbili kuwa mabomba, akayashika machoni, akaanza kutembea. Sebuleni akagonga mwimo wa kulia. Jikoni wa kushoto. Mlango wa uani sikumwacha afike, nilimshika shati. Akakaa chini pale pale sakafuni, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mabomba ya gazeti mapajani.

"Umeishi hivi tangu mwaka jana?"

"Mimi nimezoea," nikamwambia. "Wewe umeanza leo."

"Na Enock, na Sikujua, na waendesha bajaji, wanajua?"

"Sikujua anajua. Wengine wanadhani nimekuwa na kiburi, siwasalimii wakipita kando."

Jana kopo la kahawia lilifunguliwa, siku tatu kabla ya muda uliouweka, nisamehe. Enock ndiye anayepaka, nami nimekaa kwenye kiti kumsimamia. Nilimkabidhi msasa kwanza. "Mayu, na hii ya kusugua ni ya nini tena?" Nimemweleza maana ya mkwaruzo na maana ya mchubuko. Alisikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka, ila anasugua vizuri. Mwimo wa sebuleni umekamilika. Nauona tangu hatua ya sita. Ulikuwa sahihi, na wiki tatu nilikataa kitu kilichonifaa kwa kuogopa kitakachosemwa.

Tanvir ataondoka Jumapili. Tikiti hajakata, kwa sababu hajui kama ni ya mtu mmoja au wawili. Nilidhani atanidai nihame. Hakudai. Jana jioni, Enock ameshaondoka, alikaa kando yangu, upande wa kulia ambako namwona zaidi, akaniuliza jambo moja, akasema atafuata jibu langu, lolote litakalokuwa.

Ningeweza kumjibu papo hapo jibu analolitaka. Lilikuwa mdomoni, na ndiyo sababu sikulitoa: nilitambua wepesi wake. Ni mimi niliyefuta mbao tarehe moja Mei, nikapima, nikaandika "viti", nikakuita kutoka Geita na kukulaza chumba cha uani, yote ili mwanangu asione alama moja ya kiwiko changu. Nilifanya hivyo bila kujiona mwongo hata siku moja. Mtu huyo ndiye anayetakiwa sasa kuahidi, na ushahidi wote nilio nao juu yake haunisaidii kujua atafanya nini akiwa peke yake, ameumia, na simu iko mbali.

Leo ni Ijumaa. Nimelizungusha swali tangu jana, na kila jibu ninalolipata ni la mtu ninayetaka kuwa. Nakuandikia swali hilo kwa maneno ya Tanvir mwenyewe, labda wewe utaona pembeni nisipopaona:

"Mama, sikwambii uniahidi kwamba hutaanguka. Nakuuliza tu: siku utakapoanguka, utaniambia, au utapaka rangi?"

Dolatkhanu Kanji